Pai za Nyama Jukwaani

Castleford, Yorkshire
27 Aprili 1977

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Naanza kwa kukuamkia na kuulizia hali ya kila mmoja huko Perth, Australia: wewe mwenyewe, kaka Clifford, wifi Sandra, na wale mapacha ambao Baba huwatangaza kwa majirani kana kwamba amewazaa yeye. Mgongo wako unasemaje na hilo joto? Watoto wanalala, au wamerithi ukorofi wa baba yao? Sisi huku hatujambo. Mvua ipo, kama ulivyoiacha. Baba ni mzima na anakula vizuri, ila siku hizi anapiga pasi sehemu ya mbele ya shati tu. Anasema mgongoni kuna koti, na mwenye haja ya kuuona mgongo wake amwambie mapema.

Najua naye amekuandikia, maana niliiona barua yake kabla hajaifunga. Mistari mitatu: mvua imenyesha, paka wa jirani amezaa kwenye pipa letu la makaa, mengine Noreen atakueleza. Kisha akabandika stempu kwa raha ya mtu aliyemaliza kuandika kitabu. Basi hayo mengine ndiyo haya. Keti vizuri Mama, na mtoto uliyempakata mpe Sandra.

Unanijua nilivyo. Mbele za watu ulimi wangu hujikunja ukalala. Kasisi, daktari, hata kondakta wa basi, wote huambulia kwangu kichwa kinachotikiswa. Nina miaka ishirini na sita na bado wapo watu mtaani wanaodhani mimi ni bubu, nami sijawahi kuwasahihisha, kwa sababu kuwasahihisha kungetaka niseme. Lakini nipe kalamu na karatasi, hapo huninyamazishi.

Miaka kadhaa nyuma, uliponiachia aproni yako na jiko la Klabu ya Wafanyakazi ya Albion Street, ulinipa maagizo mengi: mchuzi uwe mzito, njegere zichemke mpaka zipondeke zenyewe, Ivy Threlfall apewe pai iliyoungua kidogo pembeni maana ndivyo apendavyo. Yote nimeyafuata. Lakini kuna jambo nililokuwa nikilifanya humo jikoni ambalo hukuliagiza. Nilikuwa naimba.

Si kuguna, Mama. Kuimba hasa, kwa kifua chote. Ile feni ya kutolea moshi hunguruma kama lori linalopanda mlima, na ikifika saa mbili ukumbini hupanda mwimbaji wa kukodi na ngoma zake na kinanda chake. Kati ya feni ile na mwimbaji yule, hata ng'ombe angeweza kuzaa jikoni pasipo mtu kusikia. Basi nilikuwa nafunga kidirisha cha kupitishia chakula, nasukuma unga wangu wa pai, naimba mpaka mwimbaji wao anashuka. Hapo nanyamaza, kwa sababu baada yake ni bingo, na wewe unaijua bingo ya Albion Street. Kanisani unaweza kupiga chafya. Pale, Walter Hinchliffe alimtoa nje ndugu yake wa tumbo moja kwa kukohoa kati ya namba na namba.

Sasa Jumapili ya mwisho wa Februari theluji ilifunga barabara, na mwimbaji aliyetazamiwa kutoka Doncaster akakwama njiani na ngoma zake. Walter, kwa cheo chake cha katibu wa burudani, akaamua kuitanguliza bingo. Akawatangazia wote waliokuwa ukumbini. Jikoni hakuja mtu. Nani hulikumbuka jiko kabla njaa haijamshika? Mimi nikatazama saa ya ukutani, nikaona wakati umefika, nikafunga kidirisha, nikawasha feni, nikafungua koo.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Baba, maana mimi nilikuwa nasukuma unga. Anasema ukumbi ulikuwa kimya kabisa, watu wameinamia kadi zao kalamu mkononi, na Walter ametaja namba chache tu, mara sauti ikaanza kupenya ukutani. Feni ilinizuia mimi nisiwasikie, lakini haikuwazuia wao, kwa kuwa iko juu ya kichwa changu, siyo juu ya vichwa vyao. Walter aliinua macho apate kumfukuza mwenye redio. Hakuona redio. Akataja namba nyingine kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, kisha nyingine, kisha akabaki na kimpira cha namba mkononi akasahau kuitaja. Hakuna aliyelalamika. Baba anasema watu walilaza kalamu zao mezani mmoja baada ya mwingine, na mzee mmoja alivua kofia.

Na Ivy, Mama! Ivy huyu huyu ambaye uchungu wa kuzaa ulimkuta kwenye bingo, akawaambia wasubiri kwanza amalize kadi! Kadi yake ilikuwa imeshajaa, imebaki kupiga kelele tu kwamba ameshinda, naye kimya. Iligunduliwa baadaye, na walipomuuliza kulikoni aliwajia juu. "Nipige kelele niikatize sauti ile? Mnaniona mimi mwehu?" Tangu klabu ijengwe, ile ndiyo bingo ya kwanza kufa bila mshindi.

Mimi sina habari. Nimemaliza wimbo mmoja, niko katikati ya wa pili, unga umenijaa mpaka kwenye nyusi, mara kidirisha kikafunguliwa kutoka upande wa pili. Nikauona uso wa Walter, na nyuma yake nyuso zote za Castleford. Nilifanya ambalo mtu yeyote mwenye akili zake angelifanya: nilikimbilia stoo ya viazi nikajifungia. Walter akanibembeleza kupitia tundu la ufunguo, akaniita binti yangu, akasema nitoke, hakuna aliyenikasirikia. Ivy akampiga kikumbo akasema yeye amekasirika sana, kwamba mtu mwenye kitu kama kile kooni akakificha miaka yote nyuma ya njegere ni mchoyo tu, na kwamba nitoke sasa hivi nimpe pai yake. Nilitoka walipokwisha kwenda zao.

Ungedhani hapo ndipo furaha ilipoanza. Wapi! Jumapili iliyofuata nilifunga kidirisha, nikawasha feni, nikafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Kwa sababu nilijua. Nilijua kwamba huko nje mwimbaji wa kukodi ameombwa apige taratibu, na kwamba zile meza za karibu na jiko, ambazo zamani walikalishwa wageni tu kwa ajili ya harufu ya kabichi, sasa zinagombewa. Nilijaribu nyumbani nikiwa naoga. Kimya. Nilijaribu kwenye njia ya mtoni pasipo na mtu, nikaona bata wananitazama, nikarudi. Wiki zikapita hivyo.

Sikuwahi kumwambia mtu kuimba kule kulikuwa nini kwangu, kwa hiyo nakuambia wewe. Ndipo mahali pekee nilipokuwa nasema. Wengine husema mchana kutwa, dukani, kituoni, kwenye uzio na jirani. Mimi nilikuwa nayaweka yote mpaka Jumapili, nikayatoa kwa mkupuo mmoja. Kuimba kulipokatika niliona kwamba sasa ndiyo nimekuwa bubu kweli, kama walivyodhani. Nililia juu ya unga, Mama. Kama Ivy alikuandikia kwamba pai za mwezi wa Machi zilizidi chumvi, hakusema uongo.

Walter ni mtu mwema, na mtu mwema akikuhurumia jiandae. Siku ya Pasaka klabu ilikuwa inatimiza miaka hamsini, naye akashikilia kwamba siku hiyo nipande jukwaani. Alisema jipu dawa yake ni kulitumbua. Nikishaimba mara moja mbele yao, woga utakwisha na sauti itarudi. Nilitikisa kichwa. Akaenda kumwomba Baba aniambie, Baba naye akatikisa kichwa. Walter akasema kusema na nyumba hii ni sawa na kusema na farasi wawili. Lakini mwishowe nilikubali. Sikupata ujasiri, ila aliyepotelewa na kitu hukitafuta hata pale asipopenda kwenda.

Hapo kikazuka kizingiti. Kanuni ya klabu inasema mtumishi wa jikoni hapandi jukwaani ila kwa kufagia. Kamati ikakaa, wanaume watupu kama kawaida, mlango umefungwa, bia mezani, wakabishana jioni nzima kuhusu mtu ambaye alikuwa upande wa pili wa ukuta akiwapikia. Wengine wakasema kanuni ni kanuni, ukiivunja moja kesho mbwa watapiga kura. Basi Walter akatoa hoja kwamba nipewe ufagio. Wakanyoosha mikono, ufagio ukapita kwa wingi mkubwa.

Ndivyo nilivyopanda siku ya Pasaka, nimevaa gauni la buluu la kumetameta la Ivy, lililobanwa kwa pini kila upande kwa kuwa mimi naingia mara mbili ndani ya Ivy, na ufagio mkononi. Watu walijaa mpaka kwenye madirisha. Mpiga kinanda akaanza. Akafika mahali pangu pa kuingilia, sikuingia. Akarudia mwanzo. Akarudia tena, akitabasamu kama mtu anayeumwa jino. Mimi nautazama ufagio. Nilijua, kama ninavyolijua jina langu, kwamba nikishuka pale bila kuimba sitaimba tena maisha yangu yote. Nikashuka.

Nilipita katikati yao macho chini. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kuchekwa. Ivy peke yake ndiye aliyepaza sauti: "Jamani, basi na pai nazo je? Au tumealikwa kuja kufa njaa?" Anaapa alisema vile ili kunisaidia. Sidhani. Lakini alikuwa na haki, kwa sababu asubuhi yote wameshinda wakinisuka nywele na kunibandika pini, na pai hata hazijasukumwa. Nikaingia jikoni, nikafunga aproni juu ya kumetameta kote kule, nikaingiza mikono kwenye unga. Angalau hilo naliweza.

Sasa ndipo Baba, ambaye katika klabu ile hajawahi kuomba hata kiti, aliposimama. Akamwendea Walter, akamwambia sikioni: "Mpelekee meza." Walter akauliza meza gani. Baba akasema: "Ya jikoni. Na unga wake, na bakuli zake, na kila kitu. Na awape mgongo." Walter akamtazama, akaona hakuna la kupoteza, akaita wanaume.

Wakaingia jikoni wakaibeba meza nzima nzima. Unga wangu uko juu, nyama yangu iko juu, niache viende? Nikaishika pembe, wao wanavuta mimi nafuata, kama mwenye mbuzi anayemfuata mwizi, mpaka nikajikuta jukwaani kwa mara ya pili. Wakaiweka hivi kwamba uso wangu umeelekea pazia la nyuma. Mjumbe mmoja wa kamati akasimama kulalamika kwamba safari hii hakuna ufagio, na Ivy akamweleza kwa ufupi mahali pa kuuweka.

Nikasukuma. Donge la kwanza limepasuka, la pili limekaa vizuri, nikakata mviringo, nikajaza nyama, nikabana kingo kwa kidole gumba kama ulivyonifundisha. Watu ni wengi, pai ni nyingi, na tanuri haingoji mtu. Nikaanza kuhesabia trei kichwani. Na kwenye donge la tatu hivi nikasikia mtu anaimba. Alikuwa ni mimi.

Mama, sijui nikuelezeje. Hapakuwa na feni. Kwa mara ya kwanza niliisikia sauti yangu yenyewe, ikienda mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi, nami nikaipenda. Niliona raha mpaka nikataka kucheka, nikaona nikicheka nitaharibu, nikaendelea. Wimbo ukaisha nikaunganisha mwingine. Mpiga kinanda alikuwa ananifuata kwa mbali, kwa adabu. Baba akawa anapanda na kushuka na trei kwenda kwenye tanuri, kiatu chake kikilia kila hatua, hakuna aliyemkanya. Kisha nyama ikaisha upande wangu, bakuli jingine liko upande wa pili wa meza, nikageuka kulichukua. Wimbo uko katikati. Nikawaona wote. Walter analia wazi wazi, kamasi na yote. Ivy amekumbatia mkoba wake kama mtoto. Nikawatazama, nao wakanitazama, na sikunyamaza. Pai zilizobaki nilizimaliza nikiwa nimewaelekea.

Makofi yalipopigwa nilirudi stoo ya viazi, sikufichi. Lakini safari hii sikufunga mlango.

Tangu siku hiyo kamati imebadilisha kanuni: mtumishi wa jikoni aweza kupanda jukwaani kwa kufagia au kwa pai. Jumapili iliyopita alikuja bwana mmoja kutoka Leeds, nywele zimepakwa mafuta, mwenye ukumbi mkubwa, akauliza kama naweza kuimba bila unga. Nikamwambia, kwa kinywa changu mwenyewe, "Hapana." Walter nusura aanguke, hakuwahi kunisikia nikisema neno lisilo na muziki. Bwana yule akala pai mbili akaenda zake, na mimi sijajuta hata kidogo.

Sasa Mama, nifikie jambo ambalo hasa ndilo lililonishikisha kalamu. Watu wote wananiuliza nilijifunzia wapi. Natikisa kichwa. Lakini mimi nami nilikuwa na swali langu, na jioni ile ya Pasaka tukirudi nyumbani nilimuuliza Baba alijuaje habari ya meza. Darajani alisimama, akaegemea ukingo. Kisha akasema: "Mama yako naye hawezi mpaka mikono iwe kazini."

Siri ya mtungi aijuaye kata, Mama, na kumbe kata zilikuwa mbili. Wewe uliyetuambia miaka yote kwamba kuimba ni kazi ya wasio na kazi, wewe unayekaa klabuni umekunja mikono mwimbaji akipanda, kila Jumatatu asubuhi huingia kibanda cha kufulia pale uani, ukafunga mlango, ukatumbukiza mikono kwenye maji, ukaimba. Tangu sijaanza shule nilikuwa nakaa kwenye ngazi ya nyuma nakusikiliza, nabana pumzi, kwa sababu mlango ukilia kidogo tu ulikuwa unaukata wimbo na kuanza kuzigombeza shuka. Kila wimbo nilioimba katika jiko lile niliuokota pale. Nilidhani ni siri yangu peke yangu. Kumbe Baba naye, miaka thelathini, kila Jumatatu ambayo hakuwa mgodini, hujibanza kwenye banda la njiwa nyuma ya kibanda chako, na njiwa wenyewe wameshakula tangu alfajiri. Tumekuwa tukikusikiliza wawili, mmoja huku na mmoja kule, kila mmoja akimficha mwenzake ili wewe usijue ukaacha.

Na tangu uende, bado anakwenda bandani kila Jumatatu. Anakaa tu. Nilimuuliza anafanya nini, akasema anauzoea ukimya.

Sikuandikii nikuombe upande jukwaani. Nakujua, ungerudi Perth kwa miguu. Naomba kitu kidogo tu. Utakaporudi mwezi wa Juni, siku umeingia kibandani kwako na mikono iko majini, ukasikia mlango unalia, usinyamaze. Ni sisi.

Ivy anakusalimu na anasema kiti chako hakijakaliwa na mtu. Walter anakusalimu. Mbusu kila pacha kwenye unyayo kwa niaba yangu, mwambie Clifford mkono hauvunjiki kwa kuandika, na wewe ujitunze sana na jua hilo. Baba ameisoma barua hii na kusema nimeandika mengi mno. Lakini habari ya kibanda ameisoma mara mbili, kisha akaomba nikuandikie kwamba arudi, yaani wewe urudi, upesi.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Noreen